Sauti Inayosubiri Gari Lijae

Chumba kimoja cha kupanga, Dar es Salaam. Godoro limeegemezwa ukutani kupunguza mwangwi, feni imezimwa ingawa joto ni la Februari, na binti mwenye sauti nzuri anarudia ubeti uleule kwa mara ya tisa. Kila mara anabaki nyuma kidogo. Prodyuza anamwambia, "Dada, shika biti." Anajibiwa kwamba biti imeshikwa, ila sauti inayorudi kwenye hedifoni ndiyo inayomvuta nyuma. Mabishano ya namna hii nimeyashuhudia mara nyingi, na karibu kila mara mwimbaji ndiye aliyekuwa anasema kweli. Laptopu ilikuwa inachelewa.

Dawa zinazopendekezwa huwa ni zile zile: nunua laptopu yenye nguvu zaidi, nunua saundi kadi ya bei kubwa, tafuta ile yenye USB mpya. Mara nyingi fedha hutoka na tatizo likabaki pale pale, kwa sababu hakuna aliyeuliza sauti inapotea wapi njiani.

Tuifuate basi. Maiki hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme hafifu. Saundi kadi, yaani kile kisanduku cha nje chenye tundu za maiki na vifundo vya kuongeza sauti, huukuza umeme huo na kuupima mara 44,100 kwa kila sekunde kama tunafuata kiwango cha CD, au mara 48,000 kama kazi ni ya video. Kila kipimo ni sampuli moja. Sampuli hizo husafiri kwa waya hadi kwenye laptopu, programu ya kurekodi huzichanganya na biti, kisha hurudishwa kwenye kisanduku ambako hugeuzwa umeme tena na kuingia kwenye hedifoni.

Safari yenyewe ni ya haraka mno. Muda unapotea stendi. Laptopu haipokei sampuli mojamoja. Huzikusanya kwa mafungu, na fungu hilo ndilo bafa. Anayepanda daladala anaijua hali hii: gari haliondoki mpaka lijae. Abiria wa kwanza kupanda anaweza kusubiri robo saa, halafu safari yenyewe ikachukua dakika tano. Bafa ya sampuli 512 ni basi kubwa. Kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, kulijaza huchukua milisekunde 11.6, na kwa kuwa kuna kwenda na kurudi, tayari ni milisekunde 23. Hapo sijahesabu muda wa kugeuza umeme kuwa namba na namba kuwa umeme, wala akiba ambayo draiva nyingi, yaani programu ndogo zinazoiunganisha laptopu na saundi kadi, hujiwekea kimyakimya.

Milisekunde 23 ni nyingi? Hewani, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo ni kama binti yule anajisikia kupitia spika iliyo mita 8 kutoka alipo. Mpiga fidla wa mstari wa nyuma katika kundi la taarabu humsikia mwimbaji kwa kuchelewa pia, milisekunde 3 hivi kwa kila mita, na wala hasumbuki. Tofauti ni kwamba yeye anamsikiliza mtu mwingine. Anayeimba hujisikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa chake, kisha hedifoni inamletea nakala iliyochelewa. Sauti hizo mbili zinagombana. Kuchelewa kukiwa kudogo, sauti huwa kama inatoka ndani ya bati. Kukizidi, mtu hupunguza mwendo akijisubiri.

Mbona basi tusipande bajaji kila siku? Bafa ya sampuli 64 hujaa kwa milisekunde 1.5 tu. Shida ni kwamba laptopu sasa inalazimika kuhudumia bajaji 689 kwa sekunde badala ya mabasi 86, bila kukosa hata moja. Ikikosa, sauti inakatika, na ndiyo ile mikwaruzo na mipasuko tunayoilaumu kwenye waya. Anayemvuruga mpiga debe wa stendi hii ni Wi-Fi, antivirusi, masasisho yanayojipakua yenyewe, na mpangilio wa kubana matumizi ya betri. Ndiyo maana laptopu ya zamani iliyozimwa mambo yote hayo inaweza kuishinda mpya iliyojaa takataka. Kazi hii haidai mbio tu. Inadai kutochelewa hata mara moja.

Kuhusu USB mpya niseme kwa ufupi. USB 2.0 imeundwa kupitisha megabiti 480 kwa sekunde. Maiki moja, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja ya biti 24 (biti za kompyuta, si ile ya muziki), inahitaji megabiti 1.15. Kupanua barabara hakumsaidii abiria ambaye gari lake bado halijajaa.

Draiva ni jambo zito zaidi. Kwenye Windows, njia ya kawaida ya sauti iliundwa ili muziki, video na milio ya arifa vichanganywe pamoja, na mchanganyo huo una foleni yake. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilileta ASIO, njia inayoiwezesha programu ya kurekodi kuzungumza na saundi kadi bila kupitia foleni hiyo. Kompyuta za Apple zina Core Audio, ambayo imo ndani ya mfumo wenyewe. Kwa anayenunua saundi kadi ya kutumia na Windows, mimi ningetazama kwanza kama mtengenezaji ametoa draiva yake ya ASIO, ndipo nihesabu tundu na taa.

Halafu kuna kitufe ambacho wengi hawakigusi. Saundi kadi nyingi zina swichi ya kumpa mwimbaji sauti ya maiki moja kwa moja, kabla haijaenda kwenye laptopu. Ukiiwasha, zima sauti ya maiki hiyo kwenye programu, la sivyo atajisikia mara mbili. Waimbaji hulalamika kwamba sauti hiyo ni kavu. Wape mwangwi kutoka kwenye laptopu, mwangwi peke yake: huo ukichelewa milisekunde 20 haudhuru, kwa kuwa ni kawaida yake kuja nyuma. Bafa sasa iwe kubwa upendavyo.

Yote haya yanahusu anachosikia mwimbaji. Rekodi yenyewe programu huirudisha mahali pake, ikiamini kiasi cha kuchelewa ilichoambiwa na draiva. Draiva nyingine hazisemi kweli. Kuzipima si kazi: chukua waya, unganisha tundu la kutolea na la kuingizia, cheza mlio wa metronomu na uurekodi, kisha kuza picha ya sauti kwenye programu uone mlio umeangukia wapi. Tofauti unayoiona, kwa sampuli, ndiyo ya kuandika kwenye mipangilio.

Limebaki suala la mlio kama wa nzi unaosikika kwenye rekodi. Ukiwa mnene na wa kudumu, mara nyingi ni umeme wa hertzi 50 unaoingia kupitia ethi. Ukiwa mwembamba, wa kulialia unapogusa kipanya, mtuhumiwa wa kwanza ni chaja. Plagi ya miguu miwili inayosukumwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kalamu haina ethi kabisa, na nyumba zetu zimejaa plagi hizo. Kukata waya wa ethi ili kuua mlio ni hatari kwa mtu anayegusa maiki kwa midomo. Chomoa chaja usikilize. Na kama maiki ni ya kondensa, saundi kadi inalazimika kuzipandisha volti 5 za USB hadi 48, kwa hiyo ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, si kwenye kigawanyo cha USB cha bei rahisi.

Yule binti aliimba mara ya kumi kwa betri, swichi ikiwa imewashwa. Betri ilipofika asilimia 30 chaja ikarudishwa, tukawasha feni, na prodyuza akaanza kuchanganya. Maiki ilikuwa imeshafungwa.