Siku ya Bao Mikumi: Mzee Alipokosea Kuhesabu Kete

Je, mumeo hucheza bao? Kama hucheza, basi unaijua Jumamosi ilivyo. Chakula kinapoa, mtoto anatumwa mara tatu kumwita baba, na jibu ni lile lile: "Mwambie mama namalizia hili moja."

Kwa miaka mingi nililichukia bao. Niliona ni mchezo wa watu wasio na kazi. Lakini Jumamosi moja nilifuatana na mume wangu na wenzake kutoka Kilosa hadi Mikumi, walikoalikwa na rafiki zao kushindana. Niliyoyaona siku hiyo yalinibadili mawazo.

Mchezo wa akili

Tulifika asubuhi. Wenyeji walikuwa wametandika mikeka chini ya mwembe, si mbali na barabara kuu iendayo Zambia. Hapakuwa na pombe wala fedha ya kushindania. Aliyefungwa alimpisha mwingine, aliyeshinda alibaki kitini.

Kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya, nilimwomba mume wangu anieleze. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Kwa kawaida huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni namua, ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja. Zikiisha, huanza hatua ya mtaji. Mchezaji hula kete za mwenzake na kuzigawa shimo kwa shimo, mpaka kete ya mwisho ilale katika shimo tupu. Fundi hupiga hesabu ya mzunguko wote kichwani kabla hajagusa kete hata moja. Asiyebakiwa na kete safu ya mbele amefungwa.

Kumbe si uvivu! Mchezo huu unapendwa toka pwani yetu mpaka Malawi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda bao.

"Huyu si yeye"

Katika kundi letu alikuwapo mzee mmoja aliyepita miaka sitini, fundi wa bao, na mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Alfajiri alikuwa amemeza vidonge vyake na kunywa chai ya rangi isiyo na sukari, basi. Akashinda mchezo baada ya mchezo. Wali ulipoletwa alikataa kuinuka. "Nikiinuka nitapoteza kiti," alisema, na wote tukacheka. Nami muuguzi nilicheka, jambo linalonisuta hadi leo.

Yapata saa nane akaanza kukosea. Alitia kete mbili katika shimo moja, akaruka lingine. Watazamaji wakamtania, naye akafoka kwa hasira isiyo ya kawaida yake. Ndipo mpinzani wake wa Mikumi, ambaye alikuwa anakaribia kumfunga, alipoinua mikono juu ya ubao na kusema, "Jamani, simameni. Nimecheza naye miaka mingi. Huyu si yeye."

Nilimsogelea. Jasho lilimtiririka na mikono ilitetemeka. Sukari yake ilikuwa imeshuka! Kwa kuwa alikuwa macho na aliweza kumeza, nilimnywesha nusu chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika kama 15 alinitazama na kuuliza, "Zamu ya nani?" Tukamlisha wali na maharage, kisha tukampeleka hospitali siku ile ile, kwa maana baadhi ya vidonge hufanya kazi kwa muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

Mama, zingatia haya

1. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kuteremsha sukari kupita kiasi asikae na njaa. Mfungie chakula hata kama umemkasirikia.

2. Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa kali, hasira za ghafla na kuchanganyikiwa. Usidhani amelewa.

3. Akiweza kumeza, mpe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, rudia. Kisha ale chakula.

4. Akipoteza fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali.

5. Wajulishe rafiki zake ugonjwa wake. Wao ndio wanaokuwa naye mchana kutwa.

Nawe baba unayesoma, mchezo si dhambi. Mtume Paulo alitoa mifano ya mashindano ya mbio katika barua yake kwa Wakorintho. Lakini kiti cha bao hakina thamani kuliko uhai wako, wala kuliko mke anayekungoja na chakula.

Siku hizi mume wangu akienda kwenye bao namfungia viazi na chupa ya chai, na huongeza vya yule mzee. Naye hurudi mapema zaidi kuliko nilipokuwa nikigomba. Mungu azibariki nyumba zenu.