Mwizi akikamatwa mtaani, tufanye nini?



Katika kikao chetu cha mwisho hapa Rughenda, mzee mmoja aliyehama kutoka kaskazini ya Beni alisimama akauliza: "Vijana walitaka kumchoma kijana aliyeshikwa na simu ya mtu. Sisi wazee tuliwazuia. Lakini wakatuambia, tukimpeleka kwa polisi, kesho atarudi kutucheka. Tuwajibu nini?"

Swali hilo linastahili jibu. Miaka hii wachumi wamechunguza ni njia gani hupunguza uhalifu kweli na zipi hupoteza pesa tu. Hupima hivi: watu au vijiji vinagawanywa kwa kura, wengine wanapata msaada na wengine bado, kisha makundi mawili yanalinganishwa.

Mhalifu anaogopa nini?

Mwaka 1968 mchumi wa Marekani Gary Becker aliandika kwamba mhalifu hupima faida na hatari kama mfanyabiashara. Utafiti uliofuata ulionyesha jambo la muhimu: uhakika wa kukamatwa humtisha mtu kuliko ukali wa adhabu.

Hapa kwetu uhakika huo ni mdogo. Gereza la Kangbayi huko Beni lilivunjwa Juni 2017, wakatoroka zaidi ya watu 900. Oktoba 2020 wakatoroka zaidi ya 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, hapa Butembo, wakatoka zaidi ya 800. Na état de siège ilipoanza Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Kwa hiyo hasira ya vijana wetu ina sababu.

Lakini moto wa umati hauleti uhakika. Unamwangukia aliye karibu, mgeni, aliyehama juzi, asiye na ndugu wa kumtetea. Aliyeiba kweli anaweza kuwa amesimama katika umati huohuo, akipiga kelele pamoja na wengine.

Vijana wa Monrovia

Liberia ilitoka vitani mwaka 2003. Huko Monrovia, Christopher Blattman na wenzake walifuata wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi. Baadhi walipata mafunzo ya wiki 8: kutuliza hasira, kufikiri kabla ya kutenda, kujitunza na kuishi na watu vizuri. Baadhi walipata dola 200, baadhi mafunzo pamoja na pesa, na wengine hawakupata kitu.

Pesa peke yake haikubadili tabia kwa muda mrefu. Mafunzo peke yake yalisaidia, lakini nguvu yake ilififia. Waliopata vyote viwili walipunguza wizi na ukorofi karibu nusu, na miaka 10 baadaye badiliko hilo lilikuwa bado linaonekana. Gharama ilikuwa yapata dola 530 kwa mtu mmoja.

Mabaraza na polisi

Nchini humohumo, wakaaji wa vijiji vilivyochaguliwa kati ya 246 walifundishwa kusuluhisha ugomvi kwa mazungumzo. Magomvi ya mashamba yaliyomalizika yaliongezeka na vurugu zikapungua. Lakini adhabu za kujichukulia sheria mkononi nazo ziliongezeka. Tujifunze hapo: baraza likipata nguvu bila kujua mipaka yake, linaweza kuumiza.

Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2021, ulipima urafiki wa polisi na raia katika nchi 6, na jirani zetu wa Uganda wakiwemo. Mikutano na doria za miguu hazikupunguza uhalifu wala kuongeza imani kwa polisi. Mikutano peke yake haitoshi, ikiwa polisi hawana uwezo wa kufuata malalamiko.

Tufanye nini hapa kwetu?

1. Mshukiwa asiguswe. Apelekwe kwa mkubwa wa kartye mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa wa upande wake. Kama ni mtu aliyehama, kamati ya waliohama iwepo.

2. Kila kesi iandikwe katika daftari: siku, shitaka, mashahidi, imepelekwa wapi. Baada ya wiki moja, watu wawili waende kuulizia. Hivyo ndivyo tunavyoweza kujenga uhakika kidogo kidogo.

3. Baraza lisikilize deni, mipaka ya shamba, kodi ya nyumba, ugomvi wa majirani. Mauaji na ubakaji si kazi yake. Sheria za mwaka 2006 haziruhusu ubakaji umalizwe kwa faini ya makubaliano, hata mbuzi wakitolewa wangapi.

4. Vijana wanaojulikana kwa wizi wasifukuzwe tu. Wapate mtu mzima wa kuwafuata kila wiki, pamoja na njia ya kupata riziki. Monrovia inatuonyesha kwamba vyote viwili vinahitajiana.

Liberia si Kivu Kaskazini. Wao walifanya kazi hiyo baada ya vita. Sisi bado tunapokea familia, kutoka Beni tangu mauaji ya Oktoba 2014, na kutoka Lubero tangu Kanyabayonga ilipotekwa Juni 2024. Hakuna daftari litakalowazuia wenye bunduki. Lakini linaweza kuzuia tusiuane sisi kwa sisi tuliokimbia bunduki hizo.

Kwa mzee aliyeuliza: waambie vijana kwamba mtu aliyeachwa hai anaweza kuulizwa simu aliipata kwa nani. Kijana yule aliulizwa, akajibu, na mwenye simu akaipata. Jina lake ndilo la kwanza katika daftari la mtaa.