Kanzu ya Yusuf na mswada wako

Dada mmoja aliniletea mswada wa hadithi fupi: mama na bintiye wamehasimiana, kisha ukurasa wa mwisho wanakumbatiana. Nikamuuliza, "Dada yangu, ni nini kilichowapatanisha?" Akanyamaza.

Ndugu msomaji, izingatie Suratu Yusuf, nayo ni habari ya kweli, si ya kubuni. Kanzu ya Yusuf yatajwa humo katika matukio matatu. Nduguze waileta kwa baba yao ikiwa na damu ya uongo. Kwa Al-Aziz yachanwa kwa nyuma, ikawa shahidi wa usafi wake. Mwisho yawekwa usoni pa Yaaqub, naye akaona tena. Husuda, hila na huba, zote zimepita katika vazi.

Basi kila tukio la mswada wako uliulize: limebadili nini baina ya wawili hawa? Nikiliondoa, lifuatalo litasimama?

Dada yule alirejea. Sasa binti airudisha leso ya harusi kwa hasira; mama aifua, aikunja, aihifadhi. Mjukuu azaliwapo, ndiyo afunikwayo. Suluhu imepata sababu, na msomaji amejifunza subira.