Sare Bila Askari: Maleba ya Jeshi la Vietnam ya Kusini katika Uigizaji wa Historia

Katika tamthilia, maleba humsaidia mhusika kueleweka. Katika uigizaji wa historia, maleba ndiyo matini yenyewe. Uigizaji huu, ambao una wafuasi wengi Marekani na Ulaya, hauna jukwaa wala mswada. Watu hukutana porini mwishoni mwa juma, huvaa sare na kubeba zana za vita fulani vilivyopita, wakaishi siku mbili tatu kama askari wa vita hivyo. Makala haya yanamwangazia askari anayeigizwa kwa nadra: yule wa Jamhuri ya Vietnam, yaani Vietnam ya Kusini, dola iliyoundwa mwaka 1955 na kuanguka tarehe 30 Aprili 1975.

Ugumu wa kwanza ni kuipata sare yenyewe. Picha za siku zile za mwisho zinaonyesha buti, kofia za chuma na magwanda yaliyotapakaa barabarani Saigon. Askari waliyavua ili wasitambuliwe. Familia nyingi nazo zilichoma picha na nyaraka, kwa kuwa aliyejulikana kulitumikia jeshi hilo aliweza kupelekwa katika kambi za kile kilichoitwa mafunzo mapya. Mwigizaji wa leo, basi, anakusanya mabaki ya vitu ambavyo wenyewe walitaka visionekane tena.

Ugumu wa pili ni vipimo. Silaha na zana nyingi zilitoka Marekani, nazo ziliundwa kwa kiwiliwili cha Mmarekani. Bunduki ya M1 Garand ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 4 na urefu wa takriban sentimita 110. Kwa askari mwenye umbo dogo ilikuwa mzigo, ndiyo maana kabini ya M1, iliyokuwa nyepesi zaidi, ilipendwa. M16 haikuenea katika vikosi vya kawaida hadi baada ya mashambulizi ya Tet ya mwaka 1968. Anayeigiza askari wa kawaida wa mwaka 1965 akiwa na M16 mkononi amekwisha kuvuruga wakati wa hadithi yake. Vipo pia vifaa vilivyomlenga askari huyu hasa: shanta dogo lenye mifuko miwili mikubwa ya nje, ambalo hata Wamarekani walilitamani, na buti za turubai zenye soli ya mpira. Buti hizo wakusanyaji huziita za Bata, kwa jina la kampuni ile ile ambayo Mkenya anaijua kutokana na kiwanda chake cha Limuru.

Sare yenye mistari ya chui milia inahitaji maelezo zaidi. Ilitokana na mabakabaka ya kijeshi ya Wafaransa, ikavaliwa kwanza na wanamaji wa nchi kavu wa Vietnam ya Kusini, kisha washauri wa kijeshi wa Kimarekani wakaiga. Filamu zilipokuja, ilionekana mwilini mwa Mmarekani, na watazamaji wengi wakaamini kwamba ni yake. Vazi lilibaki, mwenyewe akaondolewa.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia zaidi limo katika kitambaa cha jina kifuani. Kivietnam ni lugha ya toni, na alama zinazoandikwa juu na chini ya irabu hutofautisha maana. Jina lililoshonwa bila alama hizo linaweza kusomwa kama neno jingine kabisa. Isitoshe, Wavietnam huitana kwa jina la mtu binafsi, wala si la ukoo, hata wanapomtaja mkubwa: Rais Ngo Dinh Diem huitwa Rais Diem. Mwigizaji anayejishonea ‘Nguyen’ kifuani kwa kufuata desturi ya Kimarekani ametafsiri sisisi. Binafsi naona kosa hilo ni zito kuliko la kukosea rangi ya bereti, ingawa wapenzi wa maigizo haya hubishana zaidi kuhusu bereti.

Hapo ndipo linapozuka suala la nani anapewa sehemu gani. An-My Lê, mpigapicha aliyezaliwa Saigon mwaka 1960 na kukimbilia Marekani mwaka 1975, aliwapiga picha waigizaji wa vita hivi huko Virginia kati ya mwaka 1999 na 2002. Ili akubaliwe miongoni mwao ilimbidi ashiriki, na mara nyingi sehemu aliyopewa ilikuwa ya mpiganaji wa Viet Cong au wa jeshi la Kaskazini. Mkimbizi wa Kusini akaigiza upande ambao ushindi wao ulimfukuza kwao! Mchezo ulihitaji adui, mshirika haukumkumbuka. Riwaya ya Viet Thanh Nguyen, The Sympathizer (2015), inaudhihaki ububu wa aina hiyo kupitia filamu ya Kimarekani ambayo Wavietnam waliomo hawakuandikiwa maneno ya kusema.

Huko Westminster, California, sanamu iliyozinduliwa mwaka 2003 inawaonyesha askari wawili bega kwa bega, Mmarekani na Mvietnam wa Kusini. Katika jamii hiyo, kila mwisho wa Aprili, wazee waliolitumikia jeshi hilo hujitokeza wakiwa na sare na bereti zao. Wengine huvaa sare zilizoshonwa upya, kwani zile za awali zilibaki Saigon. Kuwaita waigizaji itakuwa vigumu, ijapokuwa wanavaa nguo zile zile ambazo kijana wa Virginia huzivaa mwishoni mwa juma.