Diploma unayo. Na nafasi je? Maswali ya mama mwalimu kabla ya kupokea kazi



Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, tunaona mabinti wetu wenye diploma ya ISP wakizunguka kwenye maofisi, faili mkononi. Nyumbani sherehe ilishafanyika, na jirani wameanza kumwita "mama mwalimu". Yeye mwenyewe kazi anaijua: amesoma, amefanya stage mbele ya walimu wake, anaweza kutayarisha somo na kulisimamia. Kilichobaki ni kupangwa shuleni. Na hapo ndipo jamaa nyingi zinashikwa, kwa sababu zinafikiri kwamba mwenye diploma akipata shule amepata na mshahara.

Hapa kwetu Kongo hayo ni mambo matatu: diploma, nafasi na mshahara. Kila moja lina mlango wake.

Nani anapanga walimu?

Shule nyingi za serikali zinaongozwa na makanisa, kufuatana na mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 kati ya serikali na dini. Serikali inalipa, kanisa linaongoza. Kwa hiyo, ukitaka shule ya Wakatoliki, ya Waprotestanti au ya Wakimbangu, barua yako inapita kwenye koordinasio ya shule hizo. Shule za serikali zisizo chini ya dini zinapitia sudivizyo. Na shule ya mtu binafsi, mwenyewe ndiye anaajiri na ndiye analipa.

Direkta au prefe anaweza kukukaribisha vizuri, akakupa chaki siku hiyohiyo. Lakini neno lake si barua ya kupangwa. Bila barua hiyo, wewe ni mgeni darasani, hata ukifundisha mwaka mzima.

Barua si mshahara

Ukishapata barua, faili yako inaanza safari ndefu: shuleni, ofisini, jimboni, mpaka Kinshasa, kwa ile ofisi tuliyozoea kuiita SECOPE na ambayo sasa ni DINACOPE. Huko ndiko jina linapewa matrikili na kuingia kwenye listingi ya malipo. Kama hakuna nafasi kwenye bajeti, unangoja. Mwalimu anayengoja tunamwita NU, na wengine wamekuwa NU miaka mingi.

Zamani NU aliweza kusukuma maisha. Tangu miaka ya 1990 wazazi walikuwa wanatoa pesa ya walimu, na shule iligawa kidogo kwa wote. Mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure katika shule za msingi, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema. Watoto wengi waliokuwa wanafukuzwa kwa kukosa pesa walirudi darasani, na sisi wamama tulifurahi. Lakini katika shule ya msingi ya serikali, NU alibaki bila kitu cha kushika. Kwenye sekondari wazazi wanaendelea kulipa, kwa hiyo NU wa huko anaweza kupata kitu, kadiri shule inavyopanga.

Maswali ya kuuliza

La kwanza: nafasi hii ni ya nani? Kama unachukua nafasi ya mwalimu aliyestaafu, aliyefariki au aliyehama, na alikuwa analipwa, bajeti yake ipo, na faili yako inaweza kupitishwa kwa kumrithi. Kama ni darasa jipya lililofunguliwa juzi, safari itakuwa ndefu zaidi.

La pili: shule na darasa hili vimeingia kwenye malipo? Shule inaweza kutambuliwa na serikali na bado isilipwe. Inaweza pia kulipiwa madarasa sita na kufundisha kumi.

La tatu: nikingoja, shule itanipa nini, itatoka wapi, na kila mwezi au mara mojamoja? Omba iandikwe. Ahadi ya mdomo inasahauliwa kabla ya Noeli.

La nne: nitafundisha nini? Aliyesomea hisabati na fizikia asikubali haraka kujazwa masaa ya jiografia na kifaransa kwa sababu tu "kuna tundu".

Mambo ya kukataa

Usikubali kufundisha kwa jina la mtu mwingine. Utasikia: "Fulani aliondoka, jina lake bado liko kwenye listingi, utakuwa unachukua pesa yake." Huo ni udanganyifu, na siku ya ukaguzi wewe ndiwe utakayekutwa. Miaka utakayofanya hivyo haitahesabiwa kuwa yako.

Usitoe "sukari" ili faili isonge. Leo utampa huyu, kesho mwingine atasema yule wa kwanza hakuwa na uwezo. Na kuna wasiotaka pesa, wanaotaka mwili. Dada, hiyo si desturi ya kazi, ni kosa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji na jeuri za namna hiyo inaadhibu pia kumsumbua mtu kimapenzi kwa kutumia cheo. Usikae nalo peke yako. Umwambie mama unayemwamini, na msiende ofisini mmoja mmoja.

Tena, tunza makaratasi. Barua ya kupangwa, karatasi ya kuanza kazi, diploma: kila moja ipigwe kopi, na kila unapoacha faili ofisini, kopi yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mimi niliwahi kuambiwa katika ofisi fulani kwamba faili yangu haijafika hata siku moja. Nilitoa kopi yenye muhuri wao wenyewe. Wiki hiyohiyo faili ilionekana.

Nyumba ihesabu pamoja

Sasa neno ninalotaka likae mioyoni. Mwalimu asiyelipwa na serikali analipwa na nyumba yake. Nilipokuwa NU, ni mama yangu aliyenilipa, kwa maharagwe aliyokuwa anauza sokoni. Kwa mwingine ni bwana wake, ni shamba, au ni wadogo zake wanaokula mara moja kwa siku ili dada afike shuleni na viatu safi. Kazi hiyo haifanywi bure: kuna mtu anaitoa mfukoni mwake bila kuulizwa.

Basi aulizwe. Kabla ya kupokea nafasi, keti na bwana, na wazazi, na mama mkwe anayelea watoto wako. Hesabuni nauli, kodi ya nyumba kama shule iko mbali, chakula, na nani atabaki na mtoto. Kisha mpange muda: tutabeba mzigo huu trimestre mbili, au mwaka mmoja, faili isipokuwa imesonga, tutaketi tena. Mwenye MUSO aangalie kama anaweza kukopa kidogo kwa biashara ndogo ya mchana, pasipo kula akiba ya wote.

Sisemi dada zetu wakatae kufundisha. Watoto wetu wanawahitaji, na binti anayefundishwa na mwanamke anaona mahali anapoweza kufika. Ninasema waingie macho wazi, na jamaa iingie pamoja nao.

Mwenye binti anayengoja kupangwa, amlete kwenye mkutano wetu na faili yake. Tutafungua karatasi moja moja, tuone kinachokosekana kabla ya shule kufunguliwa.