Laptopu Imekuwa Nzito Ghafla: Jaribu Haya Kabla ya Kwenda Muyinga au Gitega



Ukurasa huu ni kwa wote wanaotumia laptopu hapa Kinama na katika kambi nyingine: wanafunzi, walimu, makatibu wa vikundi na wale wanaowaandikia wenzao barua. Jana mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri. Leo inachukua dakika kumi kuwaka, herufi zinatokea baada ya kuandikwa muda mrefu, na kesho yake hali ni ile ile.

Tunaeleza hapa kwa sababu kwenda kwa fundi kuna gharama. Kufika mjini Muyinga ni nauli. Kufika Gitega kwa barabara ya Karuzi ni nauli kubwa zaidi, pamoja na ruhusa ya kutoka kambini na kazi ya siku nzima iliyopotea. Hutokea mtu akafika huko, akalipia kuwekewa Windows upya, akarudi na mashine nzito vile vile, na mafaili yake yamefutwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kujaribu lolote, ni kunakili mafaili yako kwenye flashi. Anza na yale yasiyopatikana tena: picha za vyeti vya shule, kadi za chanjo za watoto, barua kutoka ofisini, picha za ndugu mlioachana nao Kongo. Michezo na sinema ziache. Diski inayokaribia kufa mara nyingi huonyesha dalili moja tu, nayo ni uzito. Ikisikika ikigonga-gonga ndani, au faili moja likigoma kunakiliwa, usilazimishe. Chukua unayoweza kisha uizime.

Baada ya hapo, iwashe upya. Hapa watu wengi hukosea. Katika Windows 10 na 11, kuizima na kuiwasha si sawa na kuchagua neno la kuwasha upya (kwenye mashine za Kifaransa ni Redémarrer). Ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ya zamani ili iwake haraka kesho, na tatizo likiwa humo, huamka nalo. Chagua Redémarrer, kisha iache dakika kumi bila kuigusa.

Bado ni nzito? Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Kwenye kibodi ya Kifaransa, Shift imeandikwa Maj au ina mshale wa kwenda juu, na Esc ni Échap. Litafunguka dirisha liitwalo Gestionnaire des tâches. Humo utaona programu zote zinazofanya kazi, na safu za asilimia: prosesa, kumbukumbu, diski, mtandao. Safu iliyofika karibu na 100 bila kushuka ndiyo ya kufuatilia. Bonyeza kichwa cha safu hiyo, na programu inayokula zaidi itapanda juu.

Sasa fungua sehemu ya Performances na utazame kasi ya prosesa, inayoandikwa kwa gigahezi. Mashine ya kawaida ikiwa kazini huonyesha 2 au zaidi. Ukiona imekwama kwenye 0,4 au 0,8 na haipandi hata ukifungua programu nzito, usiwalaumu virusi wala Windows. Mashine imejifunga breki yenyewe, na sababu zake kubwa ni mbili: chaja na joto.

Tuanze na chaja, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Laptopu nyingi za Dell, na baadhi za HP, huiuliza chaja ni ya aina gani na ina nguvu kiasi gani. Jibu hupitia kwenye kile kipini chembamba kilicho katikati ya ncha ya waya. Kipini kikipinda, waya ukikatika kwa ndani, au chaja ikiwa ya kuiga isiyo na jibu hilo, mashine haijui kama umeme unatosha. Basi hujilinda kwa kupunguza kasi ya prosesa, na mara nyingi hukataa pia kuchaji betri. Taa ya chaja inawaka, mashine inawaka, hakuna anayeishuku. Baadhi ya mashine za Dell husema wazi zinapowaka: hutokea maandishi kwamba aina ya chaja haikutambulika, na kwamba ubonyeze F1 kuendelea. Watu hubonyeza F1 kila asubuhi bila kusoma.

Kupima ni rahisi. Betri ikiwa na moto, chomoa chaja na utazame ile kasi. Ikipanda, umempata mwizi. Ikibaki pale pale, iwashe upya ikiwa kwenye betri na utazame tena. Kama betri imekufa, azima chaja ya jirani mwenye laptopu ya kampuni ile ile na ujaribu. Soma maandishi ya chini ya chaja: kwa Dell, 19,5 V na 3,34 A ni wati 65, 19,5 V na 4,62 A ni wati 90. Chaja yenye wati nyingi kuliko zinazohitajika haina ubaya kama volti ni zile zile. Yenye wati pungufu ndiyo inayoleta uzito. Na ncha kuingia kwenye tundu hakutoshi: zipo ncha za HP na za Dell zinazofanana kwa macho. Unaponunua chaja sokoni, nenda na laptopu yako na uione kasi kabla ya kulipa.

Sababu ya pili ni joto. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi jekundu huingia kila mahali, na feni ya laptopu hulivuta mchana kutwa. Likijaa, hewa haitoki, na prosesa hupunguza kasi ili isiungue. Weka kiganja penye matundu ya pembeni: kama chini panachoma lakini hewa inayotoka ni kidogo, feni imeziba. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha safisha matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie maji. Usiiweke juu ya godoro wala kitenge inapofanya kazi. Ubao au sinia iliyopinduliwa inafaa.

Kama kasi ya prosesa ni nzuri lakini safu ya diski imebaki 100 kwa saa nzima, inaweza kuwa Windows inapakua masasisho. Hayo yatakula pia kifurushi chako cha intaneti. Iache imalize, au ukate intaneti uone tofauti. Tazama pia kama nafasi ya diski imebaki angalau gigabaiti 15 hivi. Ikiwa mambo haya yote ni sawa na diski bado imelemewa, huenda inakufa. Virusi vya flashi zinazozunguka mkono kwa mkono vipo, nasi hatuvidharau. Kagua kwa Windows Defender, ambayo imo tayari ndani na haina malipo.

Fundi anaweza kukuambia kwamba tatizo ni Windows 10 kwa sababu imekwisha muda wake. Ni kweli kwamba Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa usalama ni jambo la kufikiria. Lakini hilo halifanyi mashine iwe nzito kati ya Jumatatu na Jumanne.

Ikibidi uende, mpe fundi majibu uliyoyapata, tena kwa maandishi: kasi ikiwa na chaja, kasi bila chaja, safu iliyojaa. Kubaliana bei kabla hajafungua. Andika namba iliyo chini ya mashine. Kabla ya kumwachia, hamisha na ufute karatasi zinazotaja hadhi yako ya ukimbizi, na usimwachie neno la siri la barua pepe. Akibadilisha diski, idai ile ya zamani urudi nayo kambini, hata kama amesema imekufa.