Thamani ya Mashine na Elimu ya Mthamini
Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ukiwemo Tena, riziki ya mafundi wengi hutegemea cherehani, mashine za kuchomelea vyuma na za kusaga unga, mali ambazo Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 ilirahisisha kuwekwa dhamana ya mkopo. Kwa kuwa mkopeshaji hutaka kujua thamani ya dhamana hiyo, huhitajika mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, ambaye naye huhitaji semina za kitaaluma kwa sababu teknolojia na bei hubadilika.

Elimu hiyo imejengwa juu ya mbinu tatu: kulinganisha bei za sokoni, kukokotoa gharama ya mashine mpya na kuondoa uchakavu, na kukadiria mapato yatakayotokana na mashine. Uchakavu si kutu na kulika kwa vyuma pekee, bali pia kupitwa na teknolojia, na hasara itokayo nje, kama vile kupungua kwa wateja.

Fundi anayetafuta mkopo na atunze risiti na kumbukumbu za matengenezo, na ahakikishe kwamba mthamini wake amesajiliwa.